Wachimba koltani wapewa sura kwenye filamu

Mfanyabiashara anayetuma pesa kwa simu ni nadra kumfikiria aliyechimba koltani iliyotumika kuiunda. Filamu ya Neptune Frost, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2021, inamweka mbele.

Saul Williams wa Marekani na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, waliirekodi Rwanda kwa bajeti ndogo. Hadithi yenyewe ni ya Burundi ya kubuni. Mchimbaji ambaye ndugu yake ameuawa mgodini anakimbia, kisha anakutana na Neptune katika kambi ya wadukuzi wanaopinga utawala wa mabavu. Neptune ana jinsia mbili, na anaigizwa na mwanamume na mwanamke.

Wanyarwanda na Warundi, wakiwamo wakimbizi, wanaigiza kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Ni kama sokoni mpakani: kila mtu na lugha yake, na wote wanaelewana.