Mguu wa Mzee wa Ziba

Hivi karibuni nilipita Ziba, wilayani Igunga, nikaketi barazani na mzee mmoja mkulima wa pamba. Kila akitembea hatua mia hivi, shavu la mguu humkaza hadi asimame. Akipumzika kidogo, maumivu hutoweka. "Uzee tu huu, mwanangu," aliniambia, akacheka kuwa babu zake Wanyamwezi, waliobeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo, wangemwonea haya.

Mimi sikucheka. Dalili ya namna hiyo mara nyingi ni ya mishipa ya damu ya miguu iliyoziba kwa mafuta (jina la mji halina hatia). Sigara na kisukari huharakisha ugonjwa. Ukipuuzwa, kidonda hakiponi, na wengine huishia kukatwa mguu.

Mojawapo ya dawa zake ni klopidogreli, inayozuia damu kuganda. Mwaka 1996 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 19,000 ulionyesha kuwa inaishinda aspirini kidogo, hasa kwa wagonjwa wa miguu. Lakini kidonge hicho ni kama muhogo mchungu: hakifai mpaka kipikwe, na jiko lake ni ini. Mpishi ni kimeng'enya kiitwacho CYP2C19, na jeni tulizorithi kwa baba na mama ndizo huamua kama mpishi ni hodari au mvivu. Aliyerithi jeni dhaifu pande zote mbili humeza dawa asipate kinga ya kutosha. Mwaka 2010 Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa.

Basi si tupime jeni kwanza? Wazo ni zuri, nami nalipenda. Ila mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya Watanzania waliopimwa jeni hiyo, kisha wakapewa dawa nyingine zinazopitia kwa mpishi huyohuyo. Maini yao yalifanya kazi polepole kuliko jeni zilivyotabiri. Yaani utabiri uliotengenezwa kwa damu ya Wazungu hausomeki vilevile Igunga, na watu waliosomwa jeni duniani wengi wao ni wenye asili ya Ulaya.

Mzee wangu hajafika huko. Yeye anahitaji kwanza kupimwa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, zilinganishwe. Ya mguu isipofika sehemu 9 kati ya 10 za ile ya mkono, mshipa una tatizo. Kipimo hicho hakiumi wala hakihitaji damu. Ameniahidi atakwenda hospitali akimaliza kuchuma pamba. Nimemwomba asingoje pamba.