Kidonge cha Presha na Kiu ya Munigi

Sehemu ya pili: kaptoprili na ndugu zake

Wiki iliyopita nilieleza namna ya kupima presha, au tansio kama tunavyosema hapa Goma, nikaahidi kuzipitia dawa zake zote kwa mkupuo mmoja. Nimeghairi. Kuna ukoo mmoja wa dawa hizo unaostahili nafasi nzima peke yake. Ni dawa za bei nafuu, zimeenea, zimeokoa watu wengi. Lakini zina tahadhari ambazo kwa mtu wa Munigi, hapa kando ya Goma, ni nzito kuliko kwa mtu wa mji wenye mabomba kila nyumba. Tahadhari hizo zimo kwenye karatasi ya ndani ya pakiti, ni kweli, ila zimeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na siafu. Majina ya ukoo huo yanaishia na "prili": kaptoprili, enalaprili, lisinoprili.

Toa kidonge kimoja cha kaptoprili ukinuse. Utasikia harufu hafifu ya kiberiti, ile ile inayotushukia kutoka volkano ya Nyiragongo siku upepo ukigeuka. Usikitupe, hakijaoza: salfa imo ndani ya dawa yenyewe. Salfa hiyo hiyo inadhaniwa kuwa ndiyo inayowafanya baadhi ya watu wahisi ladha ya chuma mdomoni, au wakute chakula kimepooza katika wiki za kwanza. Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa jikoni. Mgonjwa anaonja sombe, anaona haina kitu, anaongeza chumvi na kipande cha makayabu juu yake, na presha iliyokuwa inateremka inapanda tena. Ladha ya chakula kwa kawaida hurudi yenyewe baada ya miezi miwili mitatu. Vumilia, na kijiko cha chumvi kiache mahali pake.

Kosa la pili nililiona kwa mama mmoja anayeuza makala kando ya barabara ya Rutshuru (yale ya kupikia, si haya unayosoma). Alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi.

"Niko nakohoa tu, dokta. Usiku ndiyo inazidi."

"Tangu lini, mama?"

"Miezi mitatu. Wamenipa dawa ya kifua mara mbili. Wamepima makohozi, hakuna kitu. Wanasema ni vumbi ya makala."

Nilimwomba anioneshe kila kidonge anachomeza. Alifungua kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo ya karatasi isiyo na jina la dawa, ila vistari vitatu vya kalamu: asubuhi, mchana, jioni. Vidonge vilikuwa vyeupe, vina mfereji katikati. Nilinusa. Kiberiti.

Ili kuelewa kikohozi hicho inabidi twende hadi Brazili, kwa nyoka aitwaye jararaka. Anayeumwa naye presha huanguka ghafla. Mtafiti Sérgio Ferreira alichunguza sumu hiyo na kukuta ndani yake vitu vinavyozuia mwili kuvunja kemikali iitwayo bradikinini, ambayo kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu. Baadaye ikajulikana kwamba kimeng'enya kinachovunja bradikinini ndicho hicho hicho kinachotengeneza angiotensini, kemikali inayokaza mishipa. Zuia kimeng'enya kimoja, na mishipa inalegea kwa njia mbili. Wakemia Ondetti na Cushman wa kampuni ya Squibb huko Marekani wakaunda dawa inayofanya kazi hiyo, nayo ikaruhusiwa nchini humo mwaka 1981. Ndiyo kaptoprili. Naipenda hadithi hii, maana wagonjwa wengi huniuliza kama dawa za kizungu zina miti. Hii ilianza kwa nyoka.

Lakini bradikinini isiyovunjwa hujikusanya, na ikijikusanya kwenye njia ya hewa inaiwasha. Matokeo yake ni kikohozi kikavu, kisicho na homa wala makohozi, kinachochokonoa koo hasa mtu akilala. Huwapata kati ya watu 5 na 20 katika kila 100 wanaotumia dawa hizi, wanawake zaidi ya wanaume. Kinaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza au baada ya miezi, na ndiyo maana hakuna anayekishuku kidonge. Dawa ya kifua haikigusi. Antibiotiki haikigusi. Kinachokiondoa ni kuacha dawa hiyo na kupewa ya ukoo mwingine, kisha kusubiri: mara nyingi wiki moja hadi nne. Kuhama kutoka kaptoprili kwenda enalaprili ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile. Na hapa kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo, sisemi kila kikohozi cha mwenye presha kinatokana na kidonge. Nasema muuguzi aulize habari za vidonge siku ya kwanza, asingoje mwezi wa tatu.

Bradikinini hiyo hiyo ina sura nyingine, adimu lakini mbaya. Midomo inavimba, ulimi unajaa mdomo, sauti inabadilika, pumzi inaziba. Huwapata wachache, chini ya mtu mmoja katika kila 100, ila sisi Waafrika weusi tunapatwa mara kadhaa zaidi ya Wazungu. Inaweza kutokea hata baada ya miaka ya kumeza bila tatizo lolote. Mtu akiamka midomo imevimba hivyo, asiseme ni siafu aliyemuuma usiku. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na vidonge vyake vipelekwe pamoja naye. Asirudie tena dawa yoyote yenye "prili" maisha yake yote. Hilo liandikwe kwa kalamu nzito kwenye daftari lake la matibabu.

Sasa nifike kwenye maji, ambayo ndiyo yaliyonifanya nighairi ahadi ya wiki iliyopita.

Munigi imekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka huku huku kwetu, moto ukapita uwanja wa ndege, ukakata mji wa Goma na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena hadi Buhene. Mvua ikinyesha juu ya mawe haya hupotea kama iliyomwagwa kwenye chujio. Hakuna kijito, na kisima hakichimbiki kwa jembe. Maji hutufikia kwa bomba la mtaa, kwa gari, au kwa bidoni ya lita 20 mgongoni mwa mtoto. Mawe yanayokataa kisima yanakataa na choo. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Munigi, Kibumba, Katale na Mugunga, hapakuchimbika choo wala kaburi. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuharisha, kipindupindu kikiwa mbele. Kipindupindu hakijatuhama tangu siku hizo.

Mweke mzee mwenye kidonge cha kaptoprili katikati ya hali hiyo. Figo huchuja damu kwa nguvu ya msukumo, kama maji ya mpira yanavyoruka mbali ukiubana mdomo wake kwa kidole. Mwili ukipungukiwa maji, angiotensini ndiyo kidole hicho: hubana njia ya kutokea ya kichujio ili msukumo usianguke. Kaptoprili hukiondoa kidole. Siku za kawaida hilo ni jema, tena huilinda figo ya mwenye kisukari. Lakini mtu aliyeharisha tangu alfajiri, ambaye kwa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, amebaki na maji kidogo na kidole hakipo. Msukumo unaanguka, mkojo unakauka, figo zinasimama. Kama anameza pia dawa ya kukojoza, Lasix au hidroklorothiazidi, maji yanazidi kukimbia. Na kama mgongo ulimuuma kwa kubeba bidoni akanunua diklofenaki au ibuprofeni pale kwenye kona, basi na njia ya kuingilia kwenye kichujio imebanwa. Dawa tatu, kila moja halali, kwa pamoja zinaziua figo ambazo presha yenyewe ingechukua miaka kuziharibu.

Kwa hiyo, mwenye kumeza dawa za ukoo huu akishikwa na kuharisha au kutapika kiasi cha kushindwa kubaki na maji tumboni, asimeze siku hiyo kidonge cha "prili" wala cha kukojoza, na aende kituo cha afya. Muuguzi ndiye atakayemwambia siku ya kurudia, kwa kawaida siku moja au mbili baada ya kula na kunywa sawasawa. Mwenye ugonjwa wa moyo aende mapema zaidi ya wote. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Diklofenaki mimi ningeifungia kabatini kwa kila mgonjwa wa presha, hata siku asizoharisha. Wauzaji wa dawa watanisamehe. Ruhusa hii ya kusimamisha isichukuliwe kwa dawa nyingine: anayemeza atenololi au propranololi akiiacha ghafla moyo unaweza kumgeukia.

Kuna kikwazo kimoja ambacho sikukitarajia hadi nilipokiona kwa macho. Mzee mmoja aliyekuwa akiharisha alisukuma kikombe cha SRO, yale maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha. Kisa chake? Miaka minne aliambiwa chumvi ni sumu kwake, na maji yale aliyaonja yana chumvi. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko walimu wake. Tumewafundisha watu "usile chumvi" bila kuwaambia kwamba siku ya kuharisha chumvi ndiyo inayoyashika maji mwilini. Mwenye presha anayeharisha anywe SRO kama mtu mwingine yeyote. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mama mjamzito asimeze dawa hizi hata mwezi mmoja. Zinaharibu figo za mtoto tumboni na kukausha maji anamoogelea. Aliyeshika mimba akiwa anazimeza asingoje siku ya kliniki. Aende abadilishiwe, na Aldomet imetumika kwa wajawazito miaka mingi. Losartani, ambayo wengi hupewa kikohozi kikiwashinda, haikohozi watu vile, lakini katika ujauzito na katika kuharisha ina makatazo yale yale.

Kuhusu kumeza kwenyewe: kaptoprili humezwa saa moja kabla ya chakula, maana chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, na nguvu yake haidumu, ndiyo sababu hurudiwa mara mbili au tatu kwa siku. Kidonge cha kwanza kimezwe kabla ya kulala, kwani presha inaweza kushuka ghafla na mtu akapepesuka akisimama. Wiki moja au mbili baadaye damu ipimwe kreatinini na potasiamu. Vidonge vikae ndani ya karatasi yake ya bati. Unyevu huvidhoofisha, na chini ya hema la bashi usiku wa mvua bahasha ya karatasi ni sifongo.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tupewe dawa hizi? Kwa sababu kwa moyo uliochoka na kwa figo za wenye kisukari hazina mpinzani rahisi. Lakini kwa presha tupu ya mtu mweusi, "prili" peke yake mara nyingi haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watu 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionesha kwamba dawa mbili zikichanganywa, mchanganyiko wenye amlodipini uliteremsha presha vizuri zaidi kuliko ule usio nayo. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagulia watu wa Munigi, ningeanza na amlodipini. Haihitaji vipimo vingi, na siku ya kuharisha haizishambulii figo kwa namna ile.

Huyo amlodipini naye ana vituko vyake. Mama wa makala alihamishiwa kwake. Kikohozi kiliisha wiki ya tatu, na ya tano vifundo vya miguu vikavimba. Hayo ni ya wiki ijayo. Kabla ya hapo, wewe mwenye bahasha isiyo na jina, irudishe leo pale ulipoinunulia uwaambie waiandike jina la dawa na miligramu zake.