Rosettenville na somo la mipango miji wakati wa mabadiliko ya hali ya hewa

Rosettenville ni kitongoji kikongwe kilichoko kusini mwa jiji la Johannesburg, Afrika Kusini, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Kati yake na mji pana ukanda wa machimbo ya zamani ya dhahabu, ambao kwa miaka mingi umewatenga wakazi wa kusini na majengo marefu wanayoyaona kila siku. Wakati mmoja Wareno walikuwa wengi sana hapa, hasa baada ya Msumbiji na Angola kupata uhuru mwaka 1975. Leo wanaishi Waafrika Kusini pamoja na wahamiaji kutoka Msumbiji, Zimbabwe, Malawi, Nigeria na Kongo.

Tumekichagua kitongoji hiki katika makala yetu ya leo kwa sababu moja. Yanapozungumzwa mabadiliko ya hali ya hewa, mara nyingi husemwa juu ya misitu, barafu inayoyeyuka na mikutano ya wakuu wa nchi. Ni nadra kusikia habari za ramani ya mji. Hata hivyo, kwa mujibu wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, miji inachukua chini ya asilimia 2 ya uso wa dunia, lakini inatoa zaidi ya asilimia 60 ya gesi zinazosababisha ongezeko la joto. Kwa hiyo mahali anapojengewa mfanyakazi nyumba ni suala la hali ya hewa pia.

Mji uliotawanywa kwa makusudi

Johannesburg ina watu takriban milioni 4.8 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, na haikutawanyika kwa bahati mbaya. Sheria ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo ya kuishi kwa misingi ya rangi iliwasukuma watu weusi mbali na kazi zao, wengi wao Soweto. Hata elimu haikusalimika. Rosettenville ilikuwa na shule mashuhuri ya Waafrika, St Peter's, aliyosoma na baadaye kufundisha Oliver Tambo. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1956 kufuatia sheria ya elimu ya kibaguzi. Padri Trevor Huddleston, aliyeisimamia, anakumbukwa pia na wasomaji wetu wa Tanzania, kwani alikuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968.

Ubaguzi wa kisheria umekwisha, lakini ramani yake imebaki. Mpaka leo maelfu ya watu huamka kabla ya alfajiri kupanda teksi ndogo za abiria, mfano wa daladala au matatu, na sehemu kubwa ya kipato chao huishia kwenye nauli. Mji wa namna hii hauwezi kwenda bila kuchoma mafuta mengi.

"Njia za Uhuru"

Mwaka 2013 Meya wa wakati huo, Parks Tau, alitangaza mpango ulioitwa "Njia za Uhuru". Nia ilikuwa kujenga nyumba nyingi, shule, zahanati na bustani kandokando ya njia kuu za usafiri, ili watu waishi karibu na kazi. Njia tatu za mwanzo zilikuwa Empire-Perth, Louis Botha na Turffontein. Hii ya tatu ndiyo iliyoigusa Rosettenville.

Baada ya uchaguzi wa mitaa wa Agosti 2016 uongozi wa jiji ulibadilika, na jina la "Njia za Uhuru" likawekwa kando ingawa wazo lenyewe lilibaki katika mipango ya jiji. Mabasi ya mwendo wa haraka ya Rea Vaya, yaliyoanza mwaka 2009 kwa kuunganisha Soweto na mji, yalielekezwa baadaye upande wa kaskazini, kuelekea Alexandra na Sandton. Kusini kukabaki kusubiri.

Aidha, mwaka 2019 jiji lilipitisha sera inayowataka wajenzi wa miradi ya nyumba 20 au zaidi kutenga angalau asilimia 30 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Hiyo ni hatua nzuri, lakini inategemea wajenzi wakubwa kuvutiwa kuja. Penye wajenzi wadogo, kama Rosettenville, sera hiyo haina pa kushika.

Wananchi hawakusubiri

Wakati viongozi wanapanga, wakazi walijenga. Nyumba zilizokuwa za familia moja sasa zina familia kadhaa, na uani vimeongezwa vyumba vya kupangisha. Kwa macho ya mtaalamu wa hali ya hewa, jambo hili si baya: watu wengi wanaishi karibu na mji, katika eneo dogo, bila kumeza mashamba mapya. Ndicho hasa mpango wa mwaka 2013 ulichokuwa ukikitafuta.

Tatizo ni kwamba mabomba ya majitaka, mitaro na nyaya za umeme vilikusudiwa familia moja kwa kila kiwanja. Ua ukisakafiwa saruji, maji ya mvua hayapati pa kuzama, na joto la mchana hubaki kwenye sakafu na mabati hadi usiku. Johannesburg husifiwa kwa wingi wa miti yake, lakini vivuli hivyo vimejaa zaidi katika vitongoji vya matajiri vya kaskazini.

Dhoruba za majira ya joto nazo hazichezewi. Novemba 2016 na tena Desemba 2022, mto Jukskei upande wa kaskazini ulifurika ghafla na kuua watu. Rosettenville yenyewe iko upande wa pili wa mgongo wa Witwatersrand, na maji yake huteremkia mto Klip, kisha Vaal. Mtaro usiosafishwa huku juu huwa mafuriko kwa wanaoishi bondeni.

Somo kwa miji yetu

Afrika Mashariki tunayajua haya. Jijini Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 na kusifiwa kimataifa, lakini karakana yake ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mafuriko yakaivamia mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde hilo. Jijini Nairobi, baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali ilibomoa nyumba za kingo za mito, zikiwemo za Mathare, na wengi wakabaki bila pa kwenda. Kupanga mapema kungegharimu kidogo zaidi.

Kwa upande wa Rosettenville, kuvibomoa vyumba vya uani kungewasukuma wapangaji hadi Orange Farm, kilomita 40 hivi kutoka mjini, na kuwarudisha kwenye nauli na moshi uleule. Tunaona ni bora vyumba hivyo vitambuliwe, vikaguliwe na viunganishwe na mabomba makubwa zaidi. Ukaguzi si jambo dogo: moto wa jengo la Usindiso katikati ya Johannesburg, Agosti 2023, uliua watu zaidi ya 70, wakiwemo Watanzania na Wamalawi. Vilevile miti ipandwe barabarani, sehemu ya kila ua iachwe udongo, na maeneo ya wazi kama Moffat Park yalindwe ili yanyonye maji.

Msongamano ukiachwa bila huduma, lawama huwaangukia wageni. Februari 2017 nyumba kadhaa zilichomwa moto Rosettenville kwa madai ya ukahaba na dawa za kulevya, na wahamiaji wakawa shabaha.

Mpango wa hali ya hewa wa Johannesburg wa mwaka 2021 umeweka lengo la kufuta uchafuzi wa gesi hizo ifikapo mwaka 2050. Ni lengo jema. Lakini mpangaji wa chumba cha uani hawezi kusubiri hadi wakati huo, kwani mvua kubwa hunyesha kila mwaka. Kwake yeye, mpango utaonekana siku mtaro wa mtaani kwake utakapopanuliwa na kodi yake isipande kwa sababu hiyo.