Mtazamaji Apande Jukwaani: Funzo la Augusto Boal kwa Waigizaji

Vikundi vingi vya maigizo huja na mchezo ambao jibu lake limekwisha kuandikwa. Mlevi anatubu, mjane anarudishiwa shamba, watu wanapiga makofi na kwenda zao. Kesho yake mjane wa kweli yuko pale pale. Basi, mchezo umemsaidia nini?

Swali hili lilimsumbua sana Augusto Boal wa Brazil, aliyeishi kutoka 1931 hadi 2009. Boal alikuwa mwelekezi wa michezo kwa kazi. Mwaka 1956 alijiunga na kundi la Teatro de Arena mjini São Paulo, na nadharia yake ilizaliwa humo jukwaani.

Waigizaji wake walikuwa wamejifunza njia ya Mrusi Stanislavski, yaani kuishi hisia za mhusika mpaka ziwe za kweli. Tena walimjua Mjerumani Brecht, aliyetaka mtazamaji afikiri na kuhukumu badala ya kulia tu. Njia hizi zote mbili ni nzuri. Lakini ukiangalia vizuri, utaona mtazamaji bado amekaa kitini na mwigizaji ndiye anayetenda.

Hatari yake Boal aliiona waziwazi. Yeye na wenzake walipeleka mchezo kwa wakulima maskini wa kaskazini-mashariki mwa Brazil, wakiwahimiza wamwage damu yao kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja akafurahi, akawaambia: chukueni bunduki zenu, twende sasa hivi! Kumbe bunduki zilikuwa za maigizo tu. Boal mwenyewe alisimulia kwamba tangu siku hiyo hakutaka tena kuwashauri watu wafanye jambo ambalo yeye hayuko tayari kulifanya.

Wanajeshi walitwaa serikali ya Brazil mwaka 1964. Mwaka 1971 Boal alikamatwa na kuteswa, kisha akaenda uhamishoni. Mwaka 1973 alifanya kazi Peru katika mpango wa kisomo uliofuata mawazo ya Mbrazili mwenzake, Paulo Freire. Freire tunamjua hapa Kenya kupitia mafunzo ya DELTA yaliyoanza miaka ya 1970. Huko Peru waigizaji walionyesha shida ya mke aliyedanganywa na mumewe, na watazamaji wakatoa mashauri. Mama mmoja akasema: aongee naye waziwazi! Mwigizaji akajaribu mara kadhaa, lakini mama hakuridhika. Mwishowe akaitwa jukwaani aonyeshe mwenyewe. Akashika ufagio, na hapo kila mtu akaelewa maana ya kuongea waziwazi.

Kutokana na mambo kama hayo Boal alitengeneza njia ya jukwaa la majadiliano. Hebu tuchukue mfano wa mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake.

1. Mchezo unaonyeshwa wote, na mjane anashindwa. Jibu halitolewi.

2. Mchezo unarudiwa. Mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!" na kuchukua nafasi ya mjane. Habadilishi shemeji kuwa mtu mwema, kwa maana nyumbani shemeji habadiliki hivi hivi.

3. Waigizaji wengine wanampinga kwa nguvu ileile ya maisha. Akisema, "Nitaenda kortini," anayeigiza chifu amuulize barua inayotaja warithi iko wapi, na kwa nini aliyeleta majina ni shemeji.

4. Mwongozaji anawauliza watu: Hii inawezekana kwetu? Nani ana njia nyingine? Boal alimpa mwongozaji huyu jina la ile karata inayoweza kushika nafasi ya yoyote, kwa sababu yeye hana upande.

Hapa ndipo ufundi wa mwigizaji wa kazi unapopimwa. Kukariri maneno hakutoshi, maana hajui mtazamaji atakuja na nini. Lazima ajue jinsi korti, ofisi ya ardhi na baraza la ukoo zinavyofanya kazi. Akilegea, anamdanganya yule mama, naye ataenda nyumbani akidhani mambo ni rahisi. Akimponda kabisa, anamfunga mdomo. Ampinge kiasi cha kumfanya atafute njia ya pili na ya tatu.

Wengine husema hii ni kazi ya vijijini tu. Sivyo. Mwaka 1997 Boal alifanya warsha juu ya Hamlet na waigizaji wa Royal Shakespeare Company ya Uingereza. Naye alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, vikundi vya maigizo vilikusanya mashauri ya wananchi jukwaani, na sheria 13 zikapitishwa. Moja ilihusu matibabu ya wazee katika hospitali za jiji.

Kwa hiyo tukialika kikundi, tusiulize kwanza kama mchezo unachekesha. Tuulize kama mjane aliyekaa nyuma atapata nafasi ya kujaribu maneno yake mbele ya chifu wa kuigiza, kabla hajasimama mbele ya chifu mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Mchezo wa mwisho mliouona ulitoa jibu la nani?
2. Ni shida gani hapa kwetu ambayo watu wangependa kuijaribu jukwaani?
3. Nani angeogopa kupanda, na tungemsaidiaje?