Mashine ya Barafu na Bei ya Fedha

Chukua mashine ya kutengeneza barafu iliyofungwa jirani na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Kuinunua, kuisafirisha, kuilipia ushuru na kuifunga kumegharimu shilingi milioni 100. Ukishalipa umeme, maji, vibarua, mafundi na kodi ya mapato, inakuachia milioni 30 kila mwaka. Itafanya kazi miaka mitano, kisha itauzwa chuma chakavu kwa bei isiyostahili kutajwa. Namba hizi ni za mfano, lakini aliyewahi kuandika mchanganuo wa mradi ataitambua sura yake.

Hesabu ya haraka inasema milioni 30 mara tano ni 150, toa 100, faida ni 50. Wengi huishia hapo. Walio waangalifu kidogo huongeza kwamba mtaji utarudi ndani ya miaka mitatu na miezi minne, basi kikao kinafungwa na watu wanakwenda kunywa chai.

Kasoro ni kwamba shilingi ya mwaka wa tano imejumlishwa na shilingi ya leo kana kwamba zina uzito mmoja. Shilingi ya leo unaweza kuikopesha Serikali wiki hii hii. Hadi mwanzoni mwa 2022, hatifungani ya Serikali ya Tanzania ya miaka 25 ilikuwa ikilipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka huohuo Benki Kuu ikaishusha riba ya matoleo mapya hadi asilimia 12.56. Miaka 25 si miaka mitano, najua, na mchambuzi makini angetafuta hatifungani yenye umri unaokaribiana na wa mashine. Lakini hiyo ndiyo riba ambayo watu wengi wenye akiba walikuwa wakiitazama, kwa hiyo tuitumie kuipima mashine yetu.

Tuidai mashine ilipe angalau kama Serikali ilivyokuwa ikilipa kabla ya punguzo. Milioni 30 za mwisho wa mwaka wa kwanza tunazigawanya kwa 1.1595, tunapata milioni 25.9 za leo. Za mwaka wa pili tunazigawanya hivyo mara mbili: 22.3. Za mwaka wa tatu zinabaki 19.2, za wa nne 16.6, na za wa tano 14.3. Jumla yake ni milioni 98.3. Maana yake umetoa milioni 100 kununua kitu chenye thamani ya milioni 98.3. Ile faida ya milioni 50 iliyofunga kikao imekuwa hasara ya karibu milioni 1.7.

Sasa rudia hesabu ileile kwa asilimia 12.56. Jumla inafika milioni 106.7, na mradi unaongeza thamani ya milioni 6.7. Mashine haikubadilika, samaki ni walewale, wachuuzi ni walewale. Kilichobadilika ni bei ya fedha. Ziada hiyo, au pengo lile la kwanza, ndiyo inayoitwa thamani halisi ya sasa. Msingi wake uliandikwa kwa ufasaha na Mmarekani Irving Fisher katika vitabu vyake vya riba vya 1907 na 1930, na hadi leo sijaona kipimo kingine cha mradi kinachokishinda. Wapo wanaopenda kuuliza ni kiwango gani kinaifanya ziada iwe sufuri. Kwa mashine yetu ni takriban asilimia 15.2. Ni taarifa nzuri, ila haina maana mpaka uiweke kando ya gharama ya mtaji wako mwenyewe.

Na hapo bado tumeipendelea mashine. Tumeilinganisha na Serikali, yenye mamlaka ya kutoza kodi. Mwenye barafu hana mamlaka hayo. Umeme unaweza kukatika, jirani anaweza kufunga mashine yake, msimu wa samaki unaweza kuwa mbaya. Anayebeba mashaka hayo anastahili kulipwa zaidi ya mwenye hatifungani. Ukiongeza pointi tano tu juu ya 12.56, thamani ya mashine inashuka hadi milioni 94.8 na jibu linarudi kuwa hapana.

Kwa nini tano, si tatu au tisa? Mwaka 1964 William Sharpe alichapisha nadharia inayosema malipo ya mashaka yategemee jinsi mapato ya mali yanavyopanda na kushuka pamoja na soko zima. Ni nadharia nzuri, nayo inafundishwa kila chuo cha biashara. Lakini kwenye soko ambalo hisa nyingi hupitisha siku bila kuuzwa wala kununuliwa, kuipata namba hiyo ni kazi ngumu, na kwa mashine ya barafu ni kubahatisha tu. Kwa maoni yangu, kiwango kilichokadiriwa na kuandikwa wazi juu ya karatasi ni bora kuliko mashaka yaliyofichwa ndani ya makadirio ya mauzo. Cha kwanza bodi inaweza kukibishia. Yale mengine hakuna atakayeyaona.

Milioni 30 zenyewe ndizo zenye mitego mingi. Lazima ziwe fedha taslimu, si faida ya vitabuni. Mhasibu akigawanya gharama ya mashine kwa miaka mitano atakata uchakavu wa milioni 20 kila mwaka, na faida itaonekana ndogo. Lakini uchakavu hautoki benki, zaidi ya kukupunguzia kodi. Kwa upande wa pili, barafu uliyoitoa kwa mali kauli kwa wenye mashua mhasibu ataihesabu kuwa mauzo, wakati wewe hujashika hata senti. Mtaji wa uendeshaji unaokwama mikononi mwa wadeni wako uandikwe kama fedha iliyotoka. Kama mwaka jana ulimlipa mshauri milioni tatu kufanya utafiti wa soko, hizo zimekwenda, mradi ufanyike au usifanyike, hivyo zisiingie katika uamuzi. Na ukitumia kiwango cha riba chenye mfumuko wa bei ndani yake, basi na bei za barafu za miaka ijayo ziwe na mfumuko huo. Kuchanganya haya mawili ni kosa ninalokutana nalo hata kwenye michanganuo iliyojalidiwa vizuri.

Kuna mtego mmoja unaohitaji tukae nao kidogo. Tuseme mashine imefungwa kwenye kiwanja chako mwenyewe. Wenye viwanja hupenda kuandika “pango: sufuri”. Lakini kiwanja hicho ungeweza kumkodisha mtu kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.4 kwa mwaka. Fedha hiyo mashine inakunyima, kwa hiyo inaigharimu. Mapato ya kweli ni milioni 27.6, na hata kwa kile kiwango laini cha asilimia 12.56 thamani yake ni milioni 98.1. Mstari mmoja ulioachwa wazi umegeuza “hapana” kuwa “ndiyo”. Ukitaka kujua mradi wako una nafasi kiasi gani ya kukosea, uliza swali la kinyume: mapato yashuke kiasi gani ndipo ziada iishe? Kwa mashine hii, kwa asilimia 12.56, zinatosha shilingi 156,000 kwa mwezi. Jokofu bovu la jirani likitengenezwa, umekwisha.

Swali la kwanza lilikuwa kama mradi unalipa. Tuje kwenye la pili, la fedha zitoke wapi. Mwaka 1958 Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha kwamba katika dunia isiyo na kodi, isiyo na gharama za kufilisika na ambamo kila mtu ana taarifa sawa, kampuni haiongezeki thamani kwa kuchagua mkopo badala ya hisa. Watu huicheka nadharia hiyo kwa kuwa dunia hiyo haipo. Wangeisoma kwa makini wangeona inawaambia pa kutazama: kodi, hatari ya kufilisika, na nani anajua nini.

Kodi ni rahisi. Kenya na Tanzania hutoza faida ya kampuni asilimia 30, na riba ya mkopo kwa kawaida hukatwa kabla ya kodi. Mkopo wa asilimia 18 kwa kampuni yenye faida unaigharimu asilimia 12.6. Mwenye hisa naye hasaini mkataba wa riba, ndiyo sababu watu hudhani fedha yake ni ya bure; kwa kweli ndiyo ghali kuliko zote, maana yeye hulipwa wa mwisho. Tuseme anatarajia asilimia 22, na kampuni ina asilimia 60 za hisa na 40 za mkopo. Wastani wake ni kama asilimia 18.2, na huo ndio mstari ambao mradi unapaswa kuuruka. Anayesema “nimepata mkopo wa 12, mradi unalipa 14, kwa hiyo nimepata” amesahau kwamba benki imemkopesha kwa sababu ya mali na mtaji ulio nyuma yake, na mtaji huo nao unadai chake.

Hatari ya kufilisika ndiyo inayoua, nayo mara nyingi inahusu muda kuliko kiwango cha riba. Turudi Feri. Umekopa milioni 60 kwa asilimia 18, riba inapigwa kwenye salio, ulipe ndani ya miezi 24. Rejesho ni karibu milioni tatu kila mwezi, milioni 36 kwa mwaka, wakati mashine inaleta milioni 30. Mkopo huohuo, riba ileile, ukilipwa kwa miaka mitano, rejesho ni kama milioni 1.5 kwa mwezi na mashine inaumudu. Mkopaji mmoja atauza gari alipe. Mwingine atalala usingizi. Nakumatt, mtandao wa maduka makubwa ya Kenya uliowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, ulijitanua kwa mikopo ya muda mfupi na kwa bidhaa za wasambazaji ambazo hazijalipwa. Maduka yalihitaji miaka kujirudishia fedha, na wasambazaji hawakuwa na miaka hiyo.

Somo zito zaidi ni la Kenya Airways. Shirika hilo lilipanga kujipanua kwa mpango wa miaka kumi ulioitwa Mawingu. Mwaka 2012 liliwauzia wanahisa wake hisa mpya likitafuta shilingi bilioni 20.7 za Kenya, likapata bilioni 14.5. Huo ulikuwa ujumbe, na ulitoka kwa watu wanaoweka fedha zao wenyewe mezani. Ndege ziliendelea kuja, Dreamliner ya kwanza ikitua Nairobi Aprili 2014, na pengo likazibwa kwa madeni, mengi yakiwa ya dola. Wakati huohuo ugonjwa wa Ebola ukavuruga safari za Afrika Magharibi, mashambulizi ya kigaidi yakawatisha watalii, mikataba ya kujikinga na bei ya mafuta ikageuka hasara mafuta yaliposhuka bei, na shilingi ya Kenya ikatoka chini ya 90 kwa dola mapema 2014 hadi kupita 100 katikati ya 2015. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7, uliofuata, bilioni 26.2.

Hakuna aliyeweza kutabiri Ebola. Kilichotabirika ni kwamba kwa mtaji mdogo na deni kubwa la sarafu ya watu, pigo lolote kubwa lingetosha. Shirika liliuza nafasi yake moja ya kutua Heathrow kwa Oman Air, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 75, na likakodisha baadhi ya ndege zake mpya, Dreamliner mbili kwa hao hao Waomani na Boeing 777 kwa Turkish Airlines. Mwishoni mwa 2017 sehemu ya deni ikageuzwa hisa: Serikali ya Kenya ikashika asilimia 48.9, mabenki ya nyumbani asilimia 38.1. Mabenki yaliyokopesha yakitarajia riba yakajikuta wamiliki wa shirika la ndege. Wanahisa wadogo wakabaki na kipande chembamba, na kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hawakuweza hata kukiuza, kwa kuwa biashara ya hisa hizo ilisimamishwa.

Linganisha na Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji hilo iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5. Mabomba na mitambo ya maji ni mali ya miaka mingi. Wateja wanalipa ankara kwa shilingi, na deni ni la shilingi. Hilo halithibitishi kwamba mradi wenyewe utarudisha zaidi ya asilimia 13.5, swali hilo ni la kwanza, lina hesabu yake, na litajibiwa na mita za maji kwa miaka kumi. Lakini umri wa deni na sarafu yake vinaoana na mali inayonunuliwa, na hilo pekee linaondoa nusu ya njia za kuanguka.

Kwa hiyo siku utakapoletewa waraka wa kuuza hisa au hatifungani, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa matumizi ya fedha. Andika pembeni, kwa kalamu yako, mali itadumu miaka mingapi na itaingiza sarafu gani, kisha deni linadaiwa lini na kwa sarafu gani. Yakipishana, simama kwenye mkutano uulize, na uulize pia mradi umepimwa kwa kiwango gani na nani alikichagua. Wakikujibu kwamba riba ni nafuu, waombe jedwali la marejesho.