Kupima Nguzo ya Kiti cha Baiskeli

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila apandaye baiskeli ajua ya kuwa kiti kikiwa chini mno magoti huuma, na kikiwa juu mno mtu huyumba kiunoni akizitafuta pedali. Katika barabara tambarare kipimo kimoja chatosha. Lakini mwendesha baiskeli wa milimani ahitaji vipimo viwili. Apandapo mlima hutaka kiti kiwe juu, miguu ipate nguvu. Ateremkapo hutaka kiwe chini, apate kuurudisha mwili nyuma na kuushusha, asije akarushwa mbele ya usukani gurudumu likigonga jiwe.

Zamani ilimbidi ashuke, alegeze kiti na kukiteremsha, na afikapo bondeni ashuke tena akipandishe. Mwaka 1984, katika jimbo la California huko Marekani, Joe Breeze na Josh Angell walitoa springi iliyoitwa Hite-Rite, iliyomwezesha mtu kukishusha na kukipandisha kiti bila ya kushuka. Siku hizi iko nguzo kamili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo huitwa dropa. Ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Mpandaji akibonyeza wenzo mdogo ulio usukanini na kukikalia kiti, kiti hushuka. Akiubonyeza tena hali ameinuka, kiti hupanda chenyewe, aghalabu kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa ndani. Mwaka 2022 Matej Mohorič wa Slovenia aliifunga nguzo ya namna hii katika mashindano ya barabarani ya Milan–San Remo, akateremka kilima cha Poggio kwa kasi kubwa, akashinda.

Nguzo hii ni ghali, na ikisha kukwaruzwa si rahisi muuzaji kuipokea tena. Kwa hiyo yafaa mnunuzi afahamu vipimo vitatu kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza ni unene. Nguzo huingia ndani ya bomba la fremu, na kipenyo chake lazima kilingane na nafasi iliyomo. Vipenyo vilivyo vya kawaida ni milimita 27.2, 30.9, 31.6 na 34.9. Tazama ya kuwa kati ya 30.9 na 31.6 tofauti haifiki hata milimita moja. Rula haiwezi kuionyesha vizuri. Ichomoe nguzo ya zamani uisome namba iliyopigwa karibu na mwisho wake wa chini, au uipime kwa vernia kalipa, chombo kile kile tukitumiacho katika maabara ya Fizikia. Nguzo iliyo nyembamba kidogo yaweza kuvishwa bushi ya kuijazia nafasi. Iliyo nene haina dawa. Usiigonge kwa nyundo.

Pili ni urefu wa kushuka. Weka kiti mahali pako pa kupandia mlima. Njia nyepesi ya kupapata ni hii: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Kisha pima toka ukingo wa juu wa bomba la fremu mpaka vyuma viwili vilivyo chini ya kiti. Tuseme umepata milimita 190. Mwendo wa nguzo, pamoja na pete yake na kichwa chake, visizidi hapo. Ikiwa pete na kichwa vyachukua milimita 50, nguzo ya mwendo wa 150 itahitaji 200. Hata ukiisukuma mpaka mwisho, kiti kitakuwa juu mno kwa milimita 10. Ya mwendo wa 125 itahitaji 175, nawe utaivuta juu kwa milimita 15 tu. Basi hiyo ndiyo yako.

Tatu ni kina. Bomba la fremu laweza kuwa limepinda, au limepitwa na parafujo za kushikia chupa ya maji. Ingiza kijiti kilichonyooka mpaka kikwame, tia alama, kipime. Tuseme kina ni milimita 240. Ikiwa nguzo yetu ina milimita 225 chini ya pete, nasi tumeivuta juu 15, zitaingia 210 tu, nayo itaenea. Usisahau nafasi ya waya utokao chini ya nguzo nyingi za namna hii, na tundu la kuupitishia katika fremu.

Wengi hudhani ya kuwa nguzo yenye mwendo mrefu kuliko zote ndiyo bora. Sivyo. Mguu wa mtu na fremu yake ndivyo vinavyoamua.

Pengine msomaji atasema, "Mimi sina baiskeli ya milimani." Lakini jambo moja lawahusu hata wenzetu wanaokuja shuleni kila siku kwa baiskeli za kawaida. Kijana arefukapo huivuta nguzo ya kiti juu, na mwaka ujao huivuta tena. Nguzo nyingi zina mstari uliochorwa upande wa chini, nao lazima ubaki ndani ya fremu. Ukionekana nje, chuma kilichobaki ndani ni kifupi mno, na uzito wa mpandaji hufanya kazi kama wenzo: bomba hupasuka, au nguzo hukatika na mtu akaanguka njiani. Hapo dawa ni kununua nguzo ndefu zaidi yenye unene ule ule, au fremu kubwa zaidi. Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kwenda nyumbani, itazame nguzo yako uutafute mstari huo.