Usukani Unapokucheza Mikononi

Wiki hii naomba tuiache siasa ipumzike, tuzungumzie pikipiki kuukuu. Majuzi nilitoka Sumbawanga kwenda Mwimbi, nyuma nimempakia mama mmoja na nusu gunia la maharage. Nilipopunguza mwendo hadi kama kilometa 50 kwa saa, gurudumu la mbele likaanza kutikisika, usukani ukanicheza mikononi. Hatukuanguka, lakini yule mama aliteremka akasema atamalizia kwa miguu.

Kwa tatizo hili, ushauri wa kwanza utakaoupata kijiweni ni "kaza nati ya shingo". Mimi nilikuwa nimeshakaziwa mjini mwezi uliotangulia, nikalipa na kushukuru.

Fundi wa pale Mwimbi, kijana mpole, hakushika spana. Aliniuliza, "Mzee, gunia ulilifunga wapi?" Nililifunga nyuma kabisa, limepita ekseli. Mzigo wa namna hiyo huinua mbele, na gurudumu lisilo na uzito wa kutosha hupepesuka upesi. Umepata kuona kagurudumu ka toroli ya hospitali kanavyotetemeka likisukumwa haraka? Ndiyo hali hiyo hiyo: gurudumu hujaribu kurudi katikati, na penye ulegevu linapitiliza, kushoto, kulia, kushoto.

Baada ya hapo akapima upepo wa tairi. Akasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la mbele likining'inia, akalizungusha huku ameshika kijiti karibu na rimu aone kama imepinda. Akagonga spoki moja moja. Iliyolegea hutoa sauti butu. Akashika tairi pande mbili akalisukuma na kulivuta, kupima beringi za gurudumu. Zote zilikuwa nzima.

Mwishowe akashika miguu ya shokapu chini, akaivuta mbele na nyuma. Kimya. Hapo mimi ningesema shingo ni nzima! Lakini alipougeuza usukani polepole kwa kidole, ulipofika katikati ukanasa, kama mlango unaoingia kwenye komeo. Pikipiki nyingi za zamani zina gololi huru zinazozunguka ndani ya vikombe viwili vya chuma, cha juu na cha chini. Miaka ya makorongo huzifanya gololi zichimbe vishimo, hasa pale usukani unapokaa ukienda moja kwa moja. Ukikaza, mlio unapotea, vishimo vinabaki. Tena usukani mgumu hukunyima yale masahihisho madogo ambayo mikono huyafanya bila wewe kujua, na pikipiki huanza kuyumba hata kwa mwendo wa taratibu.

Kwa hiyo nimeagiza vikombe vyote na gololi zake, kwa sababu gololi mpya kwenye kikombe chenye vishimo ni hela ya bure. Fundi amesema atakaza mpaka ulegevu uishe tu, usukani uanguke wenyewe kushoto na kulia. Gunia nalo litakaa mbele ya ekseli. Yule mama nimempelekea habari. Amejibu kwamba kwanza nimpakie fundi.